Mbegu za milima mirefu na tundra zikigoma kuota: dalili, sababu na la kufanya

Trei ina wiki sita. Udongo una unyevu, dirisha lina mwanga, na kilichojitokeza juu ni utando wa kijani tu. Ikifika hapo, wengi huchagua moja kati ya mawili: kumwaga trei, au kuongeza maji. Yote mawili ni makosa, ila kuongeza maji ndiko kubaya zaidi, maana mbegu iliyokuwa hai na inasubiri huishia kuoza.

Tuanze na inachosubiri. Mimea ya tundra (nyanda baridi za kaskazini zisizoota miti), na ile ya juu ya mpaka wa miti, yaani kimo ambacho miti haioti tena, katika Alps, Skandinavia, Alaska au Himalaya, hupukutisha mbegu mwishoni mwa kiangazi chao, kwenye Agosti na Septemba. Mbegu ikiota wakati huo, mche wa wiki tatu unakutwa na theluji na kufa. Ndiyo maana mbegu nyingi huanguka zikiwa bwete: ziko hai, lakini haziamki mpaka zipate ushahidi kwamba majira ya baridi yamepita. Ushahidi huo ni miezi ya unyevu na baridi chini ya theluji, mahali ambapo joto hukaa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi (kuanzia hapa tutasema nyuzi tu).

Sasa kuna dhana moja inayoua trei nyingi kuliko kuvu: kwamba mmea wa nchi ya baridi huota kwenye baridi. Hapana. Baridi huamsha, joto ndilo huotesha. Mbegu mbichi ya mimea mingi ya aina hii hutaka nyuzi 20 au zaidi ndipo iote, joto ambalo Septemba ya kule haina. Ikishapita kwenye baridi masharti hulegea, na hukubali hata nyuzi 10 au 15. Ukiiacha kwenye friji miezi sita ukitazamia iote humo humo, umefanya nusu ya kazi.

Hakuna hata moja iliyoota: chunguza kama kuna mbegu ndani

Kabla ya baridi, dawa au mwanga, chukua mbegu 10 kutoka kwenye pakiti, si kwenye trei. Ziweke juu ya sahani nyeupe, ushike wembe na lenzi ya mkono ya kukuza mara 10. Kata kila moja kwa urefu. Mbegu nzima ndani ni nyeupe au rangi ya krimu, imejaa mpaka kwenye ganda, na ukiibonyeza kwa ncha ya sindano inatoa mafuta kidogo au inabonyea kama nyama ya nazi changa. Iliyokufa ni ya kahawia, imesinyaa, au ni unga. Tupu ni ganda na hewa.

Kwa Dryas octopetala, yule mwenye mikia ya manyoya, na kwa jamii ya alizeti kama Leontopodium (edelweiss), mbegu tupu ni jambo la kawaida kabisa. Tundra ikipata kiangazi kifupi chenye baridi, ua huchanua na manyoya huota vizuri, lakini kiinitete (mmea mchanga ulio ndani ya mbegu) hakikomai. Pakiti inaonekana nono na ndani mna manyoya matupu. Kati ya 10 ukipata nzima 3, panda mara tatu zaidi ya ulivyokusudia na usihangaike na tiba. Ukipata 0, hakuna tiba.

Jaribio la kuelesha kwenye maji tusilitegemee hapa. Mbegu yenye manyoya huelea hata ikiwa nzima, kwa sababu hewa imenaswa kwenye manyoya.

Mara nyingine ulichotumiwa si mbegu. Bistorta vivipara na aina moja ya Poa alpina huzaa vitunguu vidogo au vimche juu ya shina badala ya mbegu. Bistorta ni vijidonge vyekundu au vya kahawia, ukubwa wa punje ya mtama. Hivyo havina ubwete wa kuvunja: vinalazwa juu ya mchanganyiko wenye unyevu na vinachipua, mradi havijakauka. Vikishakunjamana kwenye bahasha ya karatasi, basi tena.

Ndani nzima, laini, imefyonza maji, haioti: haijapata baridi, au ilipata baridi isiyo na maana

Hili ndilo tatizo la trei nyingi. Na swali si "uliweka kwenye friji?" bali "uliwekaje?"

Mbegu kavu ndani ya pakiti kwenye friji haihesabu siku. Inahifadhiwa tu. Ubwete huvunjika pale mbegu iliyokwisha kufyonza maji inapokaa kwenye baridi; ikiwa kavu, hata mwaka mzima haubadilishi kitu. Upande wa pili wapo wanaoloanisha na kutia friza kwa kuwa "kule ni barafu". Baridi inayofanya kazi ni ile ya juu kidogo ya kuganda, kati ya nyuzi 1 na 5. Chini ya 0 mabadiliko ndani ya mbegu karibu yasimame, na friza ya nyumbani ikigandisha mbegu iliyojaa maji kwa ghafla inaweza kuiua.

Hivi ndivyo inavyofanyika:

1. Loweka mbegu saa 12 hadi 24 kwenye maji safi ya joto la chumba. Mbegu ndogo kama vumbi usiloweke, zitapotea.
2. Kunja taulo ya karatasi mara nne, iloanishe, ikamue mpaka haidondoshi hata tone. Au tumia mchanga laini uliooshwa, unyevu wa kiasi cha kushikana ukiukamata bila kutoa maji kidoleni.
3. Tandaza mbegu zisigusane, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga au kopo lenye mfuniko. Friji zisizoganda barafu hukausha hewa, kwa hiyo karatasi iliyo wazi itakauka ndani ya siku chache, na mbegu itarudi nyuma.
4. Andika jina na tarehe kwa penseli. Wino wa kalamu hufutika kwenye unyevu.
5. Weka rafu ya katikati au ya chini, mbali na ukuta wa nyuma ambako vitu huganda. Tumbukiza kipimajoto kwenye glasi ya maji kando yake na usome asubuhi. Namba ya kwenye mlango wa friji haitoshi.
6. Fungua kila wiki, pitisha hewa, kagua ukungu, ongeza matone kama karatasi imepauka.

Muda: wiki 4 hadi 6 zinatosha kwa Primula nyingi na Saxifraga. Gentiana tunazipa 8. Kwa mbegu za Carex, zile nyasi za pembe tatu zinazotawala tundra yenye maji, wiki 8 hadi 12. Usiangalie kalenda peke yake. Mzizi mweupe ukianza kuchungulia ndani ya friji, mbegu zote za kundi hilo zitoke siku hiyo hiyo. Mzizi ukifika milimita 5 hukatika unapoushika.

Wapo wasiohitaji haya yote. Oxyria digyna huota kwa urahisi bila friji, na edelweiss vilevile ikiwa nzima. Mierebi ya kaskazini (Salix) ni kisa chake: inayotoa mbegu mapema kiangazi, mbegu zake huishi siku au wiki chache tu na zinataka kupandwa mara moja, inayotoa mwishoni mwa msimu huwa bwete na inataka baridi. Ndiyo maana pakiti ya mbegu za mwerebi iliyosafiri mwezi mzima kwa posta mara nyingi haina kitu cha kuokoa.

Imelowekwa siku nzima, bado ngumu kama changarawe

Hapa shida ni ganda. Mikunde ya milimani, yaani Oxytropis, Astragalus, Hedysarum na Lupinus, ina ganda lisilopitisha maji. Helianthemum pia. Baridi ya friji haisaidii kwa sababu maji hayajaingia, unabaridisha jiwe.

Jipime: loweka saa 24. Zilizovimba mara mbili weka kando, hizo ziko tayari. Zilizobaki kama zilivyokuwa zikwaruze. Shika mbegu kwa kibanio, kovu la pale iliposhikana na tunda likitazama kwenye kibanio, na upande wa pili ukate kipande kidogo cha ganda kwa wembe, au uisugue mara tatu nne juu ya msasa laini, mpaka rangi ya ndani iliyopauka ionekane kama nukta. Simama hapo. Ukifika kwenye kiinitete umefungua mlango wa kuvu. Rudisha kwenye maji. Ndani ya saa 12 itakuwa imevimba. Zilizovimba usiziache majini zaidi, huzama na kukosa hewa.

Maji yanayochemka, yanayotumika kwa mbegu za akasia na lukina, tusiyapendekeze kwa hizi. Mbegu ya Oxytropis ni ndogo na joto hufika katikati haraka.

Baridi imepata, ganda si tatizo, bado kimya: angalia mwanga na joto la mchana na usiku

Mbegu iliyo chini ya milimita 1 ina akiba ndogo mno ya kusukuma mche kupita udongo mzito, na nyingi za aina hiyo haziamki gizani. Gentiana, Saxifraga, Primula, Campanula: zipandwe juu, zisifunikwe. Tunachofanya ni kumwaga tabaka la changarawe laini ya milimita 2 hadi 3, unene wa milimita 5, kisha kunyunyiza mbegu juu yake. Maji ya kwanza huzitelemsha kwenye nyufa, ambako zinapata unyevu na mwanga kwa pamoja. Changarawe hiyo hiyo huzuia ukungu na kijani cha juu. Kama umeshazifukia sentimita 1, usichimbue. Kwangua udongo wa juu taratibu kwa kijiko mpaka ubaki utando, na uweke mahali penye mwanga usio jua kali, saa 12 hadi 14 kwa siku.

Joto lisilobadilika ni sababu ambayo wengi hawaishuku. Udongo mtupu wa milimani hupashwa na jua mchana na kupoa vikali usiku, lakini udongo ulio chini ya majani au ndani sana haupandi wala kushuka hivyo. Mbegu ndogo hutumia tofauti hiyo kujua kama iko juu na kama kuna nafasi. Carex ni mfano mzuri: baada ya baridi, kwenye nyuzi 20 zilezile usiku na mchana hujikongoja, na ukiipa 25 mchana na 12 au 15 usiku, pamoja na mwanga, inaitika.

Anayeotesha Limuru, Njombe au Kabale ana tofauti hiyo bure nje ya dirisha. Anayeotesha Dar es Salaam au Mombasa hana: usiku wa nyuzi 25 na mchana wa 31 ni kitu kimoja kwa mbegu hizi. Tumia makopo ya plastiki yenye mfuniko badala ya trei, yalale kwenye friji kuanzia saa mbili usiku na yatoke saa mbili asubuhi kwenda kwenye chumba kisicho na jua la moja kwa moja. Kazi hii ni ya kila siku na inachosha, lakini ndiyo inayofanya kazi pwani. Kasha la mkaa linalopozwa kwa maji, linalosifika bara, pwani halishushi joto sana kwa sababu hewa tayari imejaa unyevu.

Kuzidisha joto nako kuna adhabu yake. Primula nyingi za milimani zikikaa juu ya nyuzi 20 kwa siku kadhaa zikiwa zimelowa, huingia ubwete wa pili: baridi uliyozipa inafutika na unaanza upya. Dalili ni kwamba chache ziliota siku za mwanzo, likaja wimbi la joto, zikasimama ghafla, na ukizikata bado ni nyeupe. Tiba ni wiki 4 nyingine za friji, kisha 12 hadi 18 mchana na pungufu usiku.

Tatu zimeota, arobaini zimebaki

Usizilaumu. Mmea unaoishi mahali ambapo kiangazi kimoja kati ya vitatu huharibika hauweki mbegu zote kapu moja. Nyingine zinaamka mwaka huu, nyingine mwakani. Toa zilizoota kwa kijiko cha chai, pamoja na udongo wake, bila kusumbua jirani, na trei iendelee.

Kuna kundi linalochelewa kwa sababu nyingine: jamii ya Ranunculus, Anemone, Pulsatilla na Trollius. Mbegu ya hawa huanguka ikiwa na kiinitete ambacho hakijakomaa. Ukiikata mbegu ya Ranunculus glacialis utaona mwili mkubwa mweupe wa chakula na nukta ndogo upande mmoja. Nukta hiyo ndiyo mmea, na lazima irefuke ndani kwanza. Ikiwa mbichi, ipande mara moja. Ikiwa imekaa kavu miezi kadhaa, ipe kwanza wiki 4 hadi 6 za unyevu kwenye nyuzi 15 hadi 20, halafu baridi wiki 8 hadi 12, halafu joto tena. Ikigoma, rudia mzunguko mzima. Ranunculus glacialis huweza kuchukua hata miaka miwili, na anayetaka matokeo ya haraka achague mmea mwingine.

Asidi ya jibereliki (GA3), homoni ya mimea, hufupisha njia kwa baadhi, hasa Gentiana. Pima miligramu 50, yeyusha kwanza kwa matone machache ya spiriti, maana haipendi maji moja kwa moja, kisha ongeza maji mpaka mililita 100. Hiyo ni nguvu ya 500 kwa milioni. Kwa mara ya kwanza izimue nusu kwa nusu upate 250. Loweka saa 24 kwenye giza, suuza, panda. Usiipe mbegu zote: gawa fungu mbili, moja upate kulinganisha. Mbegu za kundi la Ranunculus zenye kiinitete kidogo zinaweza kuitika au kutoa miche dhaifu, kwa hiyo hatuanzi na GA3 pale ambapo friji na subira vinatosha.

Ukungu, uozo na harufu

Pamba nyeupe inayozunguka mbegu ndani ya mfuko mara nyingi inakula mbegu iliyokwisha kufa au mabaki ya tunda na manyoya. Kwa hiyo usafi kabla ya kuloweka ni nusu ya tiba: sugua mbegu kwenye chekeche, ondoa mikia ya Dryas na Pulsatilla kwa kuikata, peta makapi. Kisha, kwa mbegu zenye ganda imara, zisafishe kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, dakika 5 hadi 10, usuuze mara tatu. Mbegu uliyoikwaruza usiitie klorini baada ya kuikwaruza. Safisha kwanza, kwaruza baadaye.

Ukungu ukitokea katikati ya wiki za baridi, toa mbegu zote, suuza, bonyeza kila moja taratibu kwa kibanio. Ngumu zirudi kwenye karatasi mpya. Zinazopasuka na kutoa uji zitupwe. Hesabu ya siku za baridi inaendelea, haianzi upya.

Harufu ya yai bovu kutoka kwenye trei maana yake hakuna hewa. Mchanganyiko ulikuwa mzito au trei imekaa ndani ya maji. Tunatumia sehemu 1 ya kokopiti au mboji iliyochekechwa, sehemu 1 ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na sehemu 1 ya pumisi au changarawe nyepesi ya volkano ya milimita 2 hadi 5. Kokopiti ioshwe mara mbili tatu kwanza, maana nyingine huja na chumvi. Samadi iache; mimea hii imezoea udongo fukara.

Zimeota, kisha zikaanguka

Piga magoti ulitazame shina pale linapogusa udongo. Kama limekuwa la kahawia, jembamba kama uzi, na majani ya juu bado ni ya kijani, hicho ni kinyausi. Vimelea vyake, Pythium na Rhizoctonia, vinapenda udongo unaolowa muda wote, hewa iliyosimama na miche iliyobanana. Ng'oa duara lote pamoja na sentimita 2 za udongo wa pembeni ulioonekana mzima. Acha kumwagilia juu. Weka trei kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2 mpaka uso ubadilike rangi, kisha itoe. Fungua mfuniko. Dawa yenye metalaksili hufaa dhidi ya Pythium lakini haiigusi Rhizoctonia, kwa hiyo dawa bila hewa ni pesa iliyopotea.

Kama shina ni refu, limepauka, limelala lakini halijaoza, sababu ni mbili na zinatofautishwa kwa siku. Mche unaorefuka polepole na kuelekea dirishani hauna mwanga wa kutosha. Unaorefuka wote kwa pamoja wiki ya kwanza, wima, hata chini ya taa nzuri, umelewa GA3. Wa kwanza usogeze karibu na mwanga na umpunguzie joto la usiku. Wa pili mwegemezee changarawe mpaka kwenye majani ya mbegu. Wengi hupona jani la tatu likitoka, na safari ijayo punguza dozi.

Vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa trei havina madhara vyenyewe, ila funza wao hukata mizizi michanga. Changarawe juu, uso ukauke kidogo kati ya maji, na kadi ya njano yenye gundi.

Kuhamisha: subiri majani mawili ya kweli, shika jani na si shina, na usikate mzizi mkuu. Mche wa Silene acaulis wenye majani ya milimita 4 unaweza kuwa na mzizi wa sentimita kadhaa, ndiyo sababu vyungu virefu ni bora kuliko vipana.

Mbegu za Kilimanjaro na Mlima Kenya: usiige yaliyo hapo juu kichwa kichwa

Juu ya mita 3,500 hivi katika Kilimanjaro, Mlima Kenya, Elgon na Rwenzori kuna mimea ya milimani kweli kweli: senesio kubwa (Dendrosenecio), Lobelia deckenii, Lobelia telekii. Lakini kule hakuna miezi ya theluji. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Olov Hedberg, alieleza hali hiyo kama kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Kwa hiyo ishara ya miezi mitatu ya friji si lugha ya mbegu hizo. Anza bila friji ndefu: panda mbichi, juu ya udongo, kwenye mwanga, mchana nyuzi 15 hadi 20 na usiku 5.

Senesio kubwa hutoa mbegu nyingi zenye manyoya na sehemu kubwa yaweza kuwa tupu, kwa hiyo wembe kwanza. Mbegu za Lobelia ni vumbi: changanya na kijiko cha mchanga mkavu ili zisirundikane, nyunyiza, loanisha kutoka chini, usifunike. Zikiota, hatari kubwa ni kukauka kwa saa chache au kung'olewa. Nje, mahali penye baridi kali ya usiku, maji ya udongo huganda kwa umbo la sindano, huinua mche asubuhi na kuuacha mizizi juu. Mlimani kwenyewe miche mingi hufa hivyo. Tabaka la mawe madogo juu ya udongo huzuia.

Kuokota mbegu ndani ya hifadhi za taifa kunahitaji kibali, hata kama ni punje kumi zilizoanguka njiani. Na mbegu za kutoka nje zinataka kibali cha kuingiza kabla hazijatumwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea: Kenya uliza KEPHIS, Tanzania TPHPA, mamlaka za serikali za afya ya mimea.

Pakiti ya zamani

Watu huamini mbegu za barafuni huishi milele. Mwaka 1967 ilitangazwa kwamba mbegu za Lupinus arcticus zilizotolewa kwenye mashimo ya zamani ya panya huko Yukon ziliota baada ya miaka elfu kumi. Mwaka 2009 vipimo vya kaboni vilionyesha ni mbegu za karne ya 20. Silene stenophylla wa Siberia, aliyetangazwa mwaka 2012 kutoka kwenye mabaki ya miaka 32,000 hivi, hakuota kutoka kwenye mbegu. Alikuzwa maabara kutoka kwenye tishu za tunda bichi.

Ukweli wa rafuni ni mkavu zaidi. Zikilinganishwa na ndugu zao wa tambarare, mbegu za milimani kwa kawaida hufa mapema ghalani. Joto na unyevu ndivyo vinavyoamua: kanuni ya wahifadhi ni kwamba kila nyuzi 5 unazoshusha, na kila asilimia 1 ya maji unayoitoa ndani ya mbegu, huongeza umri mara mbili. Hazina ya mbegu ya Svalbard huko Norwei, iliyofunguliwa 2008, huweka mbegu kwenye nyuzi 18 chini ya 0. Nyumbani, kausha mbegu wiki mbili ndani ya chupa pamoja na silika jeli, funga, tia friji. Mierebi isiyo bwete na vitunguu vya Bistorta visikaushwe hivyo.

Trei iliyopitia misimu miwili ya baridi na joto bila jibu, chimbua mbegu 10 uzibonyeze kwa kibanio. Zikiwa ngumu na ndani nyeupe, funika trei kwa mfuko, irudi kivulini kwa msimu wa tatu. Zikitoa uji, mwaga udongo kwenye mboji na uioshe trei kwa klorini kabla ya kupanda kitu kingine.